Mlinzi wa Tatu

Mimi sipendi kuulizwa maswali na watu wanaokaa mbali na ziwa. Ndiyo maana ujumbe wa Monsieur Emile ulinikuta vibaya. Ilikuwa asubuhi, nageuza samaki juu ya moshi, machozi yananitoka, mikono yote magamba, na simu ikaanza kulia kiunoni kwenye pindo la kitenge. Nikaifungua kwa kidole kidogo.

“Mama Prezidenti, tumepokea picha ya ulinzi wa mwezi huu, asante. Mradi ulipanga walinzi wawili. Kwenye mtumbwi tunaona watu watatu. Tafadhali utueleze mtu wa tatu ni nani na analipwa na nani.”

Nilicheka kwa hasira mpaka wenzangu wakageuka. Mtu wa tatu! Sisi tunawabembeleza hao wawili wasiache kazi, yeye anamwona wa tatu akiwa amekaa zake Bukavu.

Niseme kwanza huo mradi ni nini, msije mkadhani ni jambo kubwa. Sisi ni chama cha wanawake tunaobanika samaki na kuwauza hapa Kalemie, na mimi ndiye prezidenti, yaani mwenyekiti. Kuna mfuko mmoja wa ng'ambo unaotoa ruzuku ndogo kwa watu wanaoishi kando ya maji, ili wayatunze wenyewe, na Monsieur Emile ndiye mkaguzi wao. Ndogo kweli, ya kununua kamba na rangi, si ya kujenga hoteli. Tuliomba kitu kimoja tu: kufunga kighuba cha Kalonda, kusini ya mji, mahali ambapo samaki wanaoitwa kuhe wanalelea watoto wao, ili asiingie mtu pale na chandarua cha mbu kukomba hata wale waliozaliwa jana. Tukafunga maboya ya vibidoni vya manjano, vidumu vitupu vya mafuta, kuizunguka ghuba. Tukaweka walinzi wawili wa kuipitia kila asubuhi kwa mtumbwi. Achille, aliyekuwa mbeba mizigo wa bandarini, anakaa mbele. Guelord, mtoto wangu wa pekee, anakaa nyuma na kuongoza. Na mara moja kwa mwezi Mama Lydie, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wetu, anapanda juu ya jabali na kupiga picha kwa simu yake, kwa sababu Monsieur Emile haamini kitu asichokiona.

Nikaenda kwa Mama Lydie na magamba yangu.

“Wewe ulipiga picha gani?”

“Ya mutumbwi yetu. Achille na Guelord. Niliwaona na macho yangu, walikuwa wawili.”

“Fungua tuone.”

Akafungua, akaivuta picha kwa vidole mpaka mtumbwi ukajaa kwenye kioo. Achille alikuwa mbele. Guelord alikuwa nyuma. Katikati yao alikaa mtu, amempa Guelord mgongo, mikono juu ya magoti, kama abiria anayejua njia ni ndefu.

“Yezu wangu,” Mama Lydie alisema. “Huyu hakukuwa.”

Mimi nilikuwa naangalia koti. Lilikuwa koti la reli, la buluu, na kwenye kiwiko kulikuwa na kiraka cha kahawia. Kiraka kile nilikishona mimi, kwa kuwa sikuwa na kitambaa cha buluu nyumbani na mume wangu hakutaka kungoja. Koti lenyewe baba yangu alimpa siku ya ndoa. Nilikaa chini palepale mlangoni kwa Mama Lydie.

*

Mume wangu aliitwa Déogratias, lakini tangu mtoto azaliwe watu walimwita Papa Guelord. Alikuwa mtu wa Mpala, mtu wa maji toka tumboni mwa mama yake. Kabla ya mifuko na miradi yote, yeye ndiye aliyekuwa akigombana na watu wa vyandarua pale Kalonda. Alikuwa anawaambia kuhe wanalinda watoto wao, baba na mama pamoja, hata kula wanaacha, na ninyi mnakuja kuwakomba kama takataka. Walimcheka. Msimu wa mvua wa mwaka juzi alitoka asubuhi amevaa lile koti, upepo ukageuka, na hakurudi. Wavuvi waliukuta mtumbwi wake nje kidogo ya Kalonda. Ndani kulikuwa na kafi lake la kupigia maji, limelazwa vizuri. Yeye hakuwemo.

Mama yake, Mama Agathe, alinipigia simu kutoka Mpala hata machozi yake hayajakauka. Kwao, mtu asipoonekana ziwani, kafi lake linarudishwa majini. Mke analipeleka mwenyewe. Anamwita mumewe kwa jina lake zima, anampa habari za nyumbani, halafu anamwambia: sahani yako tumeiosha. Kisha analiachia. Mpaka ifanyike hivyo, mtu hana cha kusafiria. Anakaa pale lilipo kafi lake.

Nilikataa. Mimi ni binti wa Kongolo, mtoto wa reli. Kwetu mtu akichelewa tunasema treni imechelewa, hatusemi amekufa. Nikakataa kafi, nikakataa na matanga, nikamkatalia padri misa. Mwili uko wapi? Nionyesheni mwili, nitalia. Kafi nililisimamisha nyuma ya mlango wa chumba. Na kila jioni niliendelea kumpakulia, namfunikia sahani yake kwa sahani nyingine, kama mke yeyote ambaye mume wake amekawia. Guelord aliona.

Picha yake sikuwa nayo hata moja. Zile za ndoa zilikwenda mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani mpaka dirishani. Kadi yake ya uchaguzi ilikuwa mfukoni mwa koti. Nilikuwa nimeanza kuisahau pua yake, na jambo hilo lilinitesa kuliko njaa.

Sasa kosa langu. Mfuko huu wa ruzuku una sharti: wanaoomba na wao watoe kitu chao, ndiyo mchango wa wenyeji, ili ionekane hawakai tu kunyoosha mikono. Siku ya mkutano niliuliza nani anatoa mtumbwi, nani anatoa kafi. Watu wote wakaanza kuangalia vidole vya miguu yao. Mnawajua watu wa namna hiyo, wepesi wa kupiga makofi na wazito wa kutoa. Hasira ikanipanda.

“Basi mutumbwi wa Papa Guelord upo,” nikasema. “Na kafi yake ipo. Andika, Mama Lydie.”

Chumba kilinyamaza. Achille alikohoa. Mimi nilidhani ni shukrani.

*

Monsieur Emile nilimjibu kwamba yule ni abiria, tulimsaidia kuvuka. Akaandika kwamba mradi hauruhusu abiria na akaomba jambo hilo lisirudiwe. Nikamwambia sawa.

Halafu nikamwomba Mama Lydie apige picha kila asubuhi.

Sitadanganya. Mwingine angekimbilia kwa padri. Mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, nikarudi kupaka mafuta na kufunga kitambaa kizuri kichwani kwenda kupanda jabali. Ukiangalia kwa macho, unaona watu wawili na nafasi wazi katikati yao. Ukiangalia kwenye simu, yupo. Nilimwona shingo, nilimwona bega lile la kushoto alilolishusha kidogo sikuzote. Mama Lydie alinitumia picha zote, nami nikawa nalala na simu chini ya mto. Kwa ripoti tulimpigia Monsieur Emile picha ya Achille na Guelord wamesimama mchangani, viatu vya mpira miguuni, wawili kamili.

Na mradi, jamani, ulikuwa unaenda. Watu wa vyandarua walikuwa wakifika kwenye maboya ya manjano wanageuza mitumbwi bila kufukuzwa. Ukiwauliza, wanasema pale ndani hawapapendi. Maji ya Kalonda yakatulia, yakawa maangavu. Kutoka jabalini tulianza kuona viwingu vyeusi vya kuhe wadogo vikitembea juu ya mchanga, na wakubwa wawili pembeni wakivizunguka. Nilisema moyoni, tazama, baba analinda na mtoto analinda, nyumba yangu imerudi kazini.

Lakini picha zilikuwa zinabadilika. Kwanza hakukaa tena amempa Guelord mgongo, alikuwa amekaa upande. Baadaye akawa amegeuka kabisa, magoti yao yanakaribia kugusana. Uso sikuuona, kwa kuwa aliinama. Mama Lydie alikuwa anapiga, ananipa simu, anaangalia pengine. Mimi nikasema baba anamfundisha mtoto, kuna ubaya gani?

Asubuhi moja Achille alikuja kwenye moshi wetu amebeba vile viatu vya mpira mkononi, akaviweka mbele yangu.

“Mama Guelord, miye ninaacha kazi.”

“Umekula nini leo, Achille?”

“Usinicheke. Ule mutumbwi iko muzito. Tunaingia watu wawili, inazama mu maji sawa na watu watatu. Na kunakuwaka baridi nyuma ya mugongo yangu, pale katikati. Siwezi geuka. Hata shingo inakataa.”

“Na tangu wakati huo wote umenyamaza?”

Alikwaruza mchanga kwa kidole cha mguu.

“Wote tulijua, mama. Siku ile ya mukutano. Kafi ya muntu mwenye hayajaonekana, haipashwe kuingia mu maji mu mikono ya mwingine. Kila muntu alijua. Lakini ungekataa yako, nani angetoa yake? Tukanyamaza.”

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia hapa. Chama kizima! Watu wanaokuja kwangu kuomba chumvi, wanaonikumbatia kanisani! Waliona mtoto wangu anashika kitu kile na kuingia nacho majini, wakaona afadhali, makafi yao yamepona. Nilimrushia Achille kiatu kimoja, kikampata begani. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha.

“Angalia mutoto,” alisema akiondoka. “Miye niko naacha, lakini yeye hatakubali kuacha.”

Asubuhi ile Guelord alikuwa ametoka peke yake. Nilipanda jabali mbio, Mama Lydie nyuma yangu anahema. Kwa macho nilimwona Guelord amekaa nyuma ya mtumbwi, anapiga kafi polepole ndani ya maboya. Pua ya mtumbwi ingepaswa kuinuka, kwa kuwa mbele hakuna mtu. Haikuinuka. Mama Lydie akapiga picha, akanikabidhi simu bila kuiangalia.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto. Vichwa vyao viligusana. Na mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kafi, imefunika mikono ya Guelord.

*

Jioni ile nilipika ugali na mboga ya majani ya mihogo, sombe anayoipenda Guelord tangu mdogo. Alikuja akakaa. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, na mtumbwi ule mimi nilikuwa nimeuona mchangani, ndani ni mkavu kabisa. Mashavu yalikuwa yameingia. Sijui niliangalia wapi siku zote zile. Najua: niliangalia kwenye simu.

“Kula, mwanangu.”

“Sina njaa, mama.”

“Jana pia hukula.”

“Tulishakula.”

“Mulikula na nani?”

Aliniangalia kwa upole, kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

“Na Papa. Kule Kalonda.” Akaigusa ile sahani iliyofunikwa, sahani ya baba yake, akaisogeza upande wake. “Kesho tutapita maboya. Anataka kunionyesha kule chini, mahali kuhe wanalalaka.”

Aliondoka akaenda kulala. Alipokuwa amekaa, kiti kilibaki na maji, na maji yalikuwa ya baridi ambayo ziwa letu halina.

Nilibaki nimeshika kichwa. Nilikuwa na mume ndani ya simu na mtoto ndani ya nyumba, na mmoja alikuwa anamvuta mwingine. Sidhani Papa Guelord alikuwa na ubaya. Mtu aliyekaa peke yake muda mrefu hivyo, mke wake anampakulia kila jioni lakini hamwiti wala hamwachii, atafanya nini? Atamshika yule aliye karibu. Ni mimi niliyemweka njiani kama mzigo uliosahauliwa stesheni.

Nikampigia Mama Agathe. Nilitegemea atanitukana, na ningestahili.

“Uko na kafi?” aliuliza tu.

“Iko, mama. Lakini Guelord anaitumia.”

Nilisikia mbuzi wa kwake wakilia.

“Mutoto hatakupa,” alisema. “Usimunyang'anye, mutaanguka wote. Sema na bwana yako. Umupe habari zote, mbaya na muzuri, usimufiche. Na ile neno ya sahani, binti yangu, usiiseme kama sahani haijaoshwa kweli. Watu wa mu maji wanasikiaka uongo haraka.”

Nikachukua sahani ya mume wangu. Chakula kilikuwa cha moto bado. Nilikitoa nje kwa bata wa jirani, nikarudi, nikaiosha kwa sabuni na mchanga, nikaisugua mpaka maua yake mekundu yakaonekana upya. Halafu nikaiweka kabatini pamoja na sahani nyingine. Nilijifariji kwa jambo moja tu: kafi nitatoa, lakini picha zitabaki. Nitakuwa nayo shingo yake, bega lake, kiraka changu. Wajane wengine hawana hata hicho.

*

Asubuhi, jua likiwa juu na wanawake wanafua kando ya maji, niliingia kwenye mtumbwi mbele ya Guelord. Sijui kuogelea. Hakushangaa kuniona. Alikuwa amekaa nyuma na kafi la baba yake, na mimi nikakaa mbele bila kafi lolote, nikageuka kumwangalia. Katikati yetu palikuwa patupu. Mama Lydie alikuwa juu ya jabali na simu, kwa kuwa usiku wa jana yake Monsieur Emile alikuwa ameandika tena: picha za mchangani si ushahidi wa ulinzi, anataka mtumbwi ukiwa majini.

Tuliondoka. Maji yalikuja karibu na ukingo, kiasi cha kidole. Ile baridi aliyoisema Achille ilinipata magotini kwanza, kisha tumboni. Kulikuwa na harufu ya koti lililolowa, harufu ya sufu na mafuta ya treni, harufu ya nyumba ya baba yangu. Nilitaka kunyoosha mkono. Mungu anisamehe, nilitaka kunyoosha mkono na kukaa hapo siku zote.

Tulifika kwenye maboya. Guelord hakusimama. Mtumbwi ukapita kati ya vibidoni viwili vya manjano, na nikaona maji yanabadilika rangi chini yetu, kutoka kijani kwenda buluu, na kutoka buluu kwenda nyeusi.

“Déogratias,” nikasema.

Kafi lilisimama hewani.

“Déogratias, ni mimi Martine. Nimekuja na habari za nyumbani. Ziwa lilirudi nyuma, ukuta wa jikoni nimeujenga tena kwa matofali. Mbuzi wako mweusi alikufa. Rafiki yako wa Moba alileta deni lake mwenyewe, nikamkaribisha chai. Kalonda imefungwa, kama ulivyotaka. Wale waliokucheka wanageuza mitumbwi. Kuhe wana watoto wengi, nimewaona kwa macho yangu.”

Guelord alikuwa ananiangalia, lakini macho hayakuwa yake yote. Vidole vyake vilikuwa vyeupe juu ya mti wa kafi. Mtumbwi ukaanza kuinama upande mmoja, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani.

“Mtoto wako amekua. Amekonda. Hali tena. Ukimchukua, sitakuwa na mtu wa kumpikia, na hiyo hukuitaka wewe. Mimi nilikosa, Déo. Nilikungoja vibaya. Nilikuwekea sahani kila jioni na sikukuambia ukweli hata siku moja.”

Maji yaliingia kwenye ukingo, yakanigusa miguu. Maneno yale ni machache, mtoto mdogo anaweza kuyasema, na mimi niliyaona makubwa kuliko daraja la Kongolo. Nilimwangalia mwanangu, midomo yake imekuwa ya buluu, na nikayasema.

“Sahani yako tumeiosha.”

Vidole vya Guelord vilifunguka kimoja kimoja. Sikuona aliyevifungua. Kafi liliteleza ukingoni, likaingia majini bila kurusha hata tone. Lilizama kidogo, likaibuka, kisha likaanza kwenda. Upepo ulikuwa unatoka mjini unatupiga usoni, na kafi likaenda kinyume cha upepo, limenyooka, kuelekea upande wa mji, mahali Lukuga inapotoka ziwani. Maji yale yanaingia Lualaba, na Lualaba inapita chini ya daraja la kwetu. Amechukua njia ya ukweni, nikasema moyoni.

Mtumbwi uliinuka ghafla mpaka nikashika kingo zote mbili. Joto likarudi. Guelord alijiangalia mikono, akaanza kulia kwa sauti kubwa kama alivyolia akiwa mtoto, na katikati ya kilio akasema, “Mama, njaa inaniuma.”

Tulirudi kwa kupiga maji kwa viganja. Achille ndiye aliyeingia majini mpaka kifuani kutuvuta, na kafi lake mwenyewe mkononi, mpumbavu yule, analia na yeye.

*

Mama Lydie alishuka jabalini, akanipa simu. Kwenye picha tulikuwa wawili. Mimi mbele, Guelord nyuma, na katikati hakuna.

“Imetosha,” nilisema. “Umutumie Monsieur Emile hii.”

Nikatoa simu yangu mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea akiba. Nikafungua picha ya kwanza. Achille mbele, Guelord nyuma. Nikafungua ya pili, nikafungua ile ya magoti, nikafungua ile ya mikono. Maji, jabali, mtoto wangu ameshika kafi peke yake. Katika kila picha kulikuwa na nafasi katikati ya mtumbwi, inayomtosha mtu mmoja mzima, na watu waliobaki wamekaa pembeni kama waliompisha. Nilizirudia zote kutoka mwisho mpaka mwanzo. Hata kiraka changu hakikuwepo.

Basi nikalia. Nililia kilio nilichowanyima wote tangu mwaka juzi, nilianguka mchangani na kitambaa changu kizuri, na sikujali nani ananiona. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha nguo. Wale wa chama, wale walionyamaza, walikuja wakakaa chini nami, na sikuwa na nguvu ya kuwafukuza. Jioni mikeka ilitandikwa kwangu, moto ukawashwa uani, na watu wakaanza kuingia mmoja mmoja na kuniambia pole, mama, pole ya mume. Guelord alikula sahani mbili za sombe mbele yangu.

Simu ililia watu wakiwa wanaimba. Ilikuwa Monsieur Emile.

“Mama Prezidenti, picha imepokelewa. Walinzi ni wawili, ni sawa na mradi, asante sana. Ila mchango wa wenyeji ulitaja kafi la Papa Guelord, na kwenye picha halionekani. Tafadhali utueleze kafi hilo liko wapi.”

Mimi sipendi kuulizwa maswali na watu wanaokaa mbali na ziwa. Lakini huyu nilimjibu palepale mkekani, na ilikuwa mara ya kwanza kuandika jambo hilo mahali popote.

“Amelichukua mwenyewe,” niliandika. “Hatarudi.”